Tuzo ya Lupita tuliipokea, je maneno yake?

ASUBUHI ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, nilikuwa ndani ya basi nikielekea kazini kama kawaida yangu. Habari zilikuwa zimekwisha kufika Nairobi kwamba huko Los Angeles, nchini Marekani, binti yetu Lupita Nyong'o ameshinda tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu iitwayo 12 Years a Slave. Basi zima lilizungumza jambo hilo moja tu. Utingo, ambaye sidhani kwamba alikuwa ameitazama filamu yenyewe, alitangaza kwa sauti kubwa kwamba Kenya imeifunga Hollywood bao moja kwa nunge.

Mzee mmoja aliyeketi kando yangu aliuliza, "Huyo msichana alicheza kama nani?"

"Alicheza mtumwa, mzee," kijana mmoja akamjibu. "Alichapwa viboko mpaka watu wakalia."

"Kwa hivyo amepewa zawadi kwa kuchapwa?"

Watu walicheka, nami pia nikacheka. Lakini swali la mzee yule lilinikaa rohoni, na mpaka leo halijaniondoka.

Miaka 11 ikapita. Mnamo Julai 2025, Lupita huyo huyo alijitokeza hadharani akaeleza kwamba mwaka ule ule aliopata sanamu ya dhahabu, madaktari walimkuta na uvimbe katika mfuko wa uzazi, na kwamba ameishi na maradhi hayo tangu wakati huo. Habari hizo zilipochapishwa nilikuwa tena ndani ya basi. Nilitega sikio. Watu walizungumza siasa, bei ya unga na mpira wa Uingereza. Juu ya Lupita sikusikia neno hata moja.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Sisi Wakenya tunampenda Lupita yupi? Yule aliyeshika sanamu, au yule anayesema?

Maoni yangu ni haya: tuzo tuliipokea kwa mikono miwili, lakini maneno yake tumeyaacha mlangoni. Tena maneno yenyewe ni yale yale tangu zamani, kabla hajajulikana na mtu. Ni maneno juu ya mwili wa mwanadamu: rangi yake, nywele zake, maumivu yake, na nani ana haki ya kuusemea.

MTOTO WA UGENINI

Lupita Amondi Nyong'o alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico. Wengi hutaja jambo hili kama kichekesho, na tunakumbuka jinsi Wamexico na Wakenya walivyogombania ushindi wake mwaka 2014, kila upande ukidai kwamba mtoto ni wake. Lakini ni vyema tukumbuke kwa nini mtoto wa Kijaluo alizaliwa mbali namna ile.

Miaka ile haikuwa miaka mizuri kwa wasomi wa Kenya. Mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu kule Limuru, ulipigwa marufuku, na Desemba mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe la Kamirithu lilibomolewa, na baadhi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakakamatwa. Peter Anyang' Nyong'o, babake Lupita, alikuwa mwalimu katika chuo hicho. Aliondoka nchini, akaenda kufundisha Mexico, na huko ndiko binti yake alikozaliwa.

Kwa hivyo, huyu tunayemwita fahari ya uigizaji wa Kenya alizaliwa ugenini wakati ambapo hapa nyumbani mchezo wa kuigiza uliweza kumtia mtu gerezani. Familia ilirejea Kenya angali mtoto mchanga. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alicheza kama Juliet katika mchezo wa Shakespeare, akiwa na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi. Kikundi hicho hakipo tena. Kilifunga milango yake mwaka 2017, miaka mitatu tu baada ya Oscar. Tulisherehekea mti ulipozaa, tukaiacha bustani ikauke.

KAZI YA KWANZA

Mwaka 2004 filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikitengenezwa humu nchini, Lupita alikuwa miongoni mwa vijana waliofanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera. Alimweleza mwigizaji Ralph Fiennes, Mwingereza, kwamba naye anatamani kuigiza. Fiennes hakumpa maneno matamu. Alimshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu hawezi kabisa kuishi bila kuifanya.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ya kwanza hakuonekana usoni. Aliketi nyuma ya kamera akatengeneza filamu ya maisha halisi iitwayo In My Genes, iliyotoka mwaka 2009, juu ya Wakenya wanane wenye ualbino. Fikiria wakati wenyewe ulivyokuwa. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa katika msiba wa kuuawa kwa watu wenye ualbino, na viungo vyao vikiuzwa kwa waganga. Hapa kwetu watu wengi walikuwa bado wakiwaita kwa jina la dharau bila hata kufahamu kwamba ni dharau. Msichana mweusi tititi, ambaye utotoni alitaniwa kwa sababu ya weusi wake, alikwenda kuwauliza watu waliokosa rangi: ninyi nanyi mnaonaje kuishi ndani ya ngozi inayotazamwa na kila mtu?

Mwaka huo huo wa 2009 alionekana katika mchezo wa televisheni uitwao Shuga, uliotengenezwa Nairobi kuwafundisha vijana juu ya ukimwi. Kwa hivyo, wanaosema kwamba uanaharakati wake ni pambo alilovaa baada ya kupata jina, wanakosea. Jina ndilo lililokuja nyuma.

Je, sisi tulifanya nini? Haki itendeke: mambo yamesogea. Mwaka 2011 Mumbi Ngugi, mwanamke mwenye ualbino, aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2013 Isaac Mwaura akaingia Bungeni. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, wakapatikana 9,729. Hayo yalitokana na jasho la watu wenyewe wenye ualbino, wala si filamu moja. Lakini muulize jirani yako kama amewahi kuiona In My Genes. Kisha muulize kama anaijua 12 Years a Slave. Majibu yake yatakuonyesha ninachokisema.

SWALI LA MZEE

Sasa nirudi kwenye lile swali la ndani ya basi. Je, Lupita alipewa zawadi kwa kuchapwa?

Filamu ile, iliyoongozwa na Steve McQueen na kutoka mwaka 2013, ilitokana na kitabu ambacho Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, alikichapisha mwaka 1853. Lupita alikuwa ndipo anamaliza masomo yake ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale alipopewa nafasi ya Patsey, msichana anayechuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku kuwashinda wanaume, na ambaye malipo yake ni kuingiliwa kwa nguvu na bwana na kuteswa na bibi. Patsey hakuwa hadithi ya kubuni. Aliishi, akateseka, na historia haikuhifadhi mwisho wake.

Lupita alipopanda jukwaani kuipokea tuzo, jambo la kwanza alilolikiri ni kwamba furaha kubwa ya maisha yake imetokana na uchungu mkubwa wa maisha ya mtu mwingine. Kisha akawaambia watoto kwamba popote watokako, ndoto zao ni halali. Sisi tulilichukua lile neno la ndoto tukalibandika katika matangazo na kwenye kuta za shule. Neno la uchungu tukaliacha palepale jukwaani.

Kumbe na wenye filamu walikuwa na fikira kama ya utingo wetu. Lupita aliwaeleza watangazaji wa CNN mwaka 2025 kwamba baada ya Oscar alidhani ataitiwa kazi za kila namna. Kumbe waliokuja walimtaka acheze mtumwa tena. Alisema yuko radhi kupunguza kazi kuliko kuendelea kuitia nguvu ile sura moja ya Mwafrika.

Hebu tuyapime maneno hayo kwa kazi zake. Mwaka 2016 alisimama kwenye jukwaa la Broadway, New York, katika mchezo wa Eclipsed ulioandikwa na Danai Gurira, juu ya wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Ulikuwa mchezo wa kwanza Broadway ambao waigizaji wote, mwandishi na mwongozaji walikuwa wanawake weusi. Mwaka huo huo alicheza kama mama mchuuzi katika Queen of Katwe, kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa mabanda wa Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Mwaka 2018 ikaja Black Panther, ambamo alikuwa mpelelezi shupavu asiyengoja kuokolewa na mtu. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani, na sisi tukaizindua kwa shangwe mjini Kisumu. Mwaka 2019 katika filamu ya Us alicheza watu wawili, mmoja akimwinda mwenzake.

Basi jibu langu kwa mzee yule, popote alipo, ni hili: La, mzee wangu. Hakupewa zawadi kwa kuchapwa. Alipewa kwa kutufanya tumwone aliyechapwa kuwa mtu kamili. Na baada ya hapo alikataa kuchapwa tena ili wengine wapate kuuza tikiti.

RANGI NA NYWELE

Siku tatu kabla ya Oscar, tarehe 27 Februari 2014, Lupita alitoa hotuba mbele ya wanawake weusi wa Hollywood. Alisimulia barua aliyoandikiwa na msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akabadili nia alipoiona sura ya Lupita. Kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe, na asubuhi akikimbilia kioo. Alianza kupata faraja alipomwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi mwenye asili ya Sudan Kusini, akisifiwa na dunia nzima. Na mamake alikuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi. Maana yake ni kwamba uzuri wa sura haumshibishi mtu. Chakula chenyewe ni huruma, kwa nafsi yako na kwa walio karibu nawe.

Msichana huyo aliyeomba apewe weupe hakuwa Marekani. Alikuwa hapa Kenya, akasoma nasi, akasikia maneno yetu. Nani aliyemfundisha kwamba weusi ni kasoro? Ni sisi. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo mtoto akizaliwa, swali la pili baada ya "ni mvulana au msichana?" lilikuwa "ni mweusi au ni wa maji ya kunde?" Shangazi zangu walikuwa na krimu zao za kopo, zilizosifiwa magazetini na kwenye redio kwamba zinang'arisha uso. Mmoja wao aliishia na mabaka mashavuni hadi kufa kwake. Leo zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa katika vipodozi humu nchini, lakini ukipita madukani katikati ya jiji utauziwa, na muuzaji atakupa mawaidha ya jinsi ya kupaka.

Mwaka 2019 Lupita aliandika kitabu cha watoto, Sulwe. Kwa Kijaluo sulwe ni nyota. Ni kisa cha msichana mweusi kama usiku anayejifunza kuipenda rangi yake, nacho kimefasiriwa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Je, wangapi kati yetu tunaojigamba kwa jina la Lupita tumekinunulia watoto wetu, au tumeiomba shule ya jirani ikiweke katika maktaba?

Na mwaka 2017, gazeti la Grazia la Uingereza lilipoitoa picha yake kwenye jalada baada ya kuzifuta baadhi ya nywele zake za kipilipili na kuzilainisha zilizobaki, alilalamika hadharani mpaka akaombwa radhi. Kuna walioniambia kwamba hilo lilikuwa jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Akifutwa nywele mwenye Oscar, huyu binti wa kawaida anayeambiwa ofisini kwamba nywele zake hazijatengenezwa atajitetea kwa nani?

KUSEMA LINALOAIBISHA

Oktoba mwaka huo wa 2017 aliandika makala katika gazeti la New York Times, akieleza jinsi Harvey Weinstein, mtengenezaji filamu mwenye nguvu nyingi Hollywood, alivyomtaka vibaya tangu mwaka 2011 alipokuwa angali mwanafunzi. Weinstein, kupitia kwa msemaji wake, alisema kwamba yeye anayakumbuka mambo kwa namna tofauti. Wanawake wengi walikuwa wamekwisha kujitokeza dhidi yake, na Desemba 2022 mahakama ya Los Angeles ilimpata na hatia ya ubakaji katika kesi ya mwanamke mwingine.

Jambo lililonigusa katika makala yale si jina la mwanamume. Ni vile Lupita alivyojilaumu kwa kunyamaza miaka yote ile, akaeleza kwamba alidhani ni yeye peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya aibu, ndugu zangu. Humfungia kila mtu chumbani mwake, akadhani nyumba nzima ni shwari isipokuwa yeye.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

MDOGO WANGU

Nina mdogo wangu wa kike ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka saba alikuwa akipata hedhi ya siku tisa au kumi. Alikuwa akibeba sketi ya pili ndani ya mfuko kila siku aendapo shuleni, na daima rangi nyeusi. Alikuwa akitafuna yale mawe laini yauzwayo sokoni, nasi tukimcheka tukisema labda ana mimba. Watu wa nyumbani hawakuchoka kumwuliza atazaa lini. Hospitali aliyokwenda alipewa vidonge vya maumivu, akaambiwa wanawake wameumbwa hivyo.

Mimi nilifanya nini? Siku moja aliniambia, "Kaka, mwili wangu hauna nguvu." Nilijua kulikuwa na jambo alilotaka kulisema. Nami nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya akina mama, amwone mama. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki miaka mitatu kabla ya hapo. Nayaandika haya kwa aibu.

Alizimia mbele ya wanafunzi wake. Ndipo alipopigwa picha ya tumbo, ukaonekana uvimbe ambao madaktari huuita fibroidi. Kwa kawaida si saratani, lakini damu yake ilikuwa imepungua vibaya sana, na uvimbe ulikuwa umekua kiasi kwamba mfuko wa uzazi wenyewe ulitolewa. Alikuwa na miaka 36, naye hakuwa na mtoto.

Maradhi haya si ya wachache. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 weusi huwa na uvimbe huu, na karibu 70 katika kila 100 weupe. Wengi hawasumbuliwi nao, lakini kwa wanawake weusi huanza mapema zaidi na huwa mkali zaidi. Lupita alisema kwamba alifanyiwa upasuaji, kisha uvimbe ukaota tena. Julai 2025 alikwenda Washington kuwaunga mkono wabunge wa Marekani waliotaka fedha zaidi zitumiwe kuuchunguza ugonjwa huu, na akatangaza kusaidia utafiti wa matibabu yasiyomlazimu kila mwanamke kupasuliwa.

Siku ile, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa maneno mawili tu kwenye simu: "Hata Lupita?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kwa miaka yote ile alikuwa akidhani ni yeye peke yake.

WANAOMLAUMU

Najua kuna watakaonipinga. Watasema: huyo ni mtoto wa mkubwa, babake amekuwa waziri, seneta na gavana, ana fedha, anaishi Marekani, amewahi kutangaza vipodozi vya Kifaransa vya bei ambayo mshahara wa mwalimu hauwezi kufikia. Ana nini cha kutufundisha?

Si hoja ya kupuuzwa. Mwaka 2011 babake, wakati huo akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza kwamba ana saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa Marekani. Wananchi walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa maana hospitali ya umma iliyokuwa ikitibu saratani kwa miale ilikuwa moja tu, Kenyatta, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Vile vile Lupita alipokuja mwaka 2015 kuwatetea ndovu, mkulima aliyevamiwa shamba lake na ndovu alikuwa na maswali yake ya kuuliza.

Lakini tuangalie upande wa pili. Waziri yule angeweza kutibiwa kimya kimya kama walivyofanya wakubwa wengine. Alisema, na mwaka huo huo likaanzishwa shirika la Africa Cancer Foundation, ambalo mamake Lupita, Bi Dorothy Nyong'o, alikuja kuliongoza. Binti naye angeweza kunyamaza. Mwigizaji anaishi kwa mwili wake. Kutangaza kwamba mwili huo una kasoro ni kama fundi kutangaza kwamba mkono wake unatetemeka. Utajiri humnunulia mtu daktari, haumnunulii ujasiri.

Tena sisi tusiokuwa na fedha hatuna haja ya Oscar ili tuulizane hali. Waziri wa Afya anaweza kuulizwa ni zahanati ngapi za mashambani zilizo na mashine ya kupiga picha ya tumbo. Magavana wanaweza kuulizwa majumba ya michezo ya kuigiza yako wapi katika kaunti zao, maana Phoenix imekwisha na Jumba la Kitaifa ni moja. Mzazi anaweza kulitupa lile kopo la krimu. Na kaka anaweza, dada yake akimwambia mwili hauna nguvu, kumwuliza: "Tangu lini?"

Nilimwomba mdogo wangu ruhusa ya kuyaandika haya. Alikubali kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake wala shule yake, nami nimelitimiza. Kisha akaongeza neno moja. Alisema kwamba katika shule yao yumo mwalimu kijana ambaye siku hizi anakuja na sketi ya pili ndani ya mfuko. Kesho yake atamwita pembeni waongee.

Je, msomaji, wewe utamwita nani?